Hija, Ziara au Utalii? Istilahi za Safari ya Mhindu kwenda Chanzo cha Nile kwa Msomaji wa Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja safari ya Mhindu kwenda mahali anapopaona kuwa patakatifu. Mfano uliotumika ni Jinja, nchini Uganda, ambako sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi ilitiwa katika Mto Nile mwaka 1948. Mfano huo unatazamwa kutoka Kamukuzi, Mbarara, mahali ambapo Kiswahili cha wakimbizi wa Nakivale, Kinyankole cha wenyeji na Kiingereza cha ofisini hukutana kila siku. Hoja ya makala ni kwamba maneno yanayochaguliwa kuitaja safari hiyo, na hasa maneno yanayoyataja majivu, huamua jambo la kisera kabla sera yenyewe haijaandikwa.

Kamukuzi kama mahali pa kutazamia

Kamukuzi ni kilima cha Mbarara kilichobeba ikulu ya zamani ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na kwa miaka mingi jina hilo limetumika pia kuitaja mojawapo ya divisheni za mji. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967. Falme nyingine za Uganda ziliporejeshwa mwaka 1993, huu haukutambuliwa na serikali. Hata hivyo, kumbukumbu ya ngoma ya kifalme iitwayo Bagyendanwa haikufutika pamoja na cheo. Ngoma hiyo ilikuwa na nyumba yake, wahudumu wake na ng'ombe wake, na watu waliiendea na sadaka wakitaka msaada. Katika Kinyankole, neno engoma lina maana ya ngoma na maana ya utawala kwa pamoja.

Mzungumzaji wa Kiswahili akiulizwa watu hao walikwenda kufanya nini, atasita. Walikwenda kuhiji? Kutambika? Kuzuru? Kila neno linamweka msafiri katika dini fulani, na hakuna hata moja linaloielekea ngoma ya Ankole bila kuchechemea. Kusita huku ndiko kunakojitokeza Jinja, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu Jinja ina bango, lango la kiingilio na wageni wa dini nyingi.

Kutoka Kamukuzi kwenda kusini-mashariki, wilayani Isingiro, ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na kuhesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yalianza kwa kupokea Wanyarwanda. Leo yana Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na idadi yao inazidi laki moja. Kiswahili kimekuwa daraja kati ya wengi wao. Kiswahili hicho hakifanani kikamilifu na kile cha Dar es Salaam wala cha Zanzibar: Mkongomani wa Kivu anakuja na msamiati wa kanisa uliopitia Kifaransa, Msomali anakuja na Kiarabu cha dini yake, na wote wawili hukutana na karani Mganda ambaye huenda alikisikia Kiswahili kwanza kikiwa lugha ya askari. Anayeandika neno moja la Kiswahili kwa ajili ya umma wa Uganda anawaandikia hawa wote.

Na uandishi huo hauko mbali tena. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitumia na kukifundisha kama somo la lazima shuleni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekikubali kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kifaransa. Vitabu vya kiada, mabango ya maeneo ya urithi na fomu za ofisi vitahitaji maneno, na mwandishi atakayekosa neno lililofikiriwa atachukua lililo karibu.

Mhindi, Mhindu, Baniani

Kabla ya kuitaja safari, sharti msafiri atajwe. Kosa la kwanza katika maandishi mengi ni kuchanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki wamo Waismailia na Mabohora, ambao ni Waislamu, Wagoa ambao wengi wao ni Wakatoliki, Wajaini, na Masingasinga ambao Kiswahili cha mitaani huwaita Makalasinga. Herufi moja inatenganisha taifa na imani, na mhariri asiyekuwa makini huiona kama kosa la chapa.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno lake la zamani, Baniani, lililomtaja mfanyabiashara wa Kihindu na kumtofautisha na Mhindi Mwislamu. Neno hilo lilikuwa na usahihi ambao hili la kisasa halina. Lakini methali isemayo kwamba Baniani ni mbaya kiatu chake dawa imelitia uchungu, na haifai kulirudisha kwenye bango la serikali. Nchini Uganda tatizo lina historia nzito zaidi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90, na tangazo hilo halikumuuliza mtu dini yake. Aliyekuwa Mhindu, Mwismailia au Mgoa alifukuzwa kwa jina moja. Kuyatenganisha majina haya leo, katika lugha ile ile ambayo jeshi la wakati huo lilizoea kuitumia, si suala la ufasaha peke yake.

Jinja: kilichotokea na kilichosemwa

Gandhi hakufika Uganda. Mwaka 1893, akielekea Natal, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, na hapo ndipo alipoigusa Afrika Mashariki. Alipigwa risasi Delhi tarehe 30 Januari 1948, mwili wake ukachomwa kesho yake kwa kufuata desturi ya dini yake, na tarehe 12 Februari sehemu kubwa ya ibada ya majivu ikafanyika Prayag, mahali mito Ganga na Yamuna inapokutana. Sehemu nyingine za majivu ziligawanywa ili zitiwe katika mito mbalimbali. Moja ya mito hiyo ilikuwa Nile, karibu na Jinja. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, alizindua hapo sanamu ya kichwa na mabega ya Gandhi. Julai 2018 Waziri Mkuu Narendra Modi, akilihutubia Bunge la Uganda, alipataja mahali hapo kuwa patakatifu na kutangaza nia ya kujenga kituo cha urithi wa Gandhi.

Swali la kitaaluma ni kama Jinja ni mahali patakatifu kwa maana ya Kihindu, au ni mnara wa kumbukumbu ya kisiasa uliovikwa lugha ya dini. Jibu linategemea kuelewa dhana ya tirtha. Neno hili la Kisanskriti lina maana ya msingi ya kivuko, yaani mahali pa mto ambapo mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Kutokana na maana hiyo lilikuja kutaja mahali ambapo mwanadamu huvuka kutoka upande huu wa maisha kwenda ule mwingine. Ndiyo sababu tirtha nyingi ziko kando ya maji. Safari ya kuiendea huitwa yatra, neno ambalo kimsingi ni safari tu.

Nile haimo katika orodha ya mito saba ambayo Mhindu huitaja anapooga kwa ibada: Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri. Lakini dua hiyo ya mito saba huialika mito yenyewe iingie katika maji yaliyo mbele ya mwenye kuoga, yawe ya kisima, ya ndoo au ya mto wa ugenini. Kwa mantiki hiyo maji ya Jinja yanaweza kuipokea Ganga bila kuacha kuwa maji ya Busoga. Mwanazuoni anayedai kwamba utakatifu wa Jinja ni wa kubuni kwa sababu hautajwi katika vitabu vya kale anaipima dini hii kwa kipimo kisicho chake.

Tena, kuvitafuta vitabu vya kale kumewahi kuleta aibu. Mwaka 1860 John Hanning Speke alipokuwa Zanzibar akijiandaa kwa safari yake ya pili, Kanali Rigby, balozi wa Uingereza, alimpa andiko lenye ramani ya Nile na Milima ya Mwezi, lililotungwa na Luteni Francis Wilford kutokana na Purana za Wahindu. Speke aliliamini, akalitaja na kuichapisha ramani katika kitabu chake cha mwaka 1863, akihitimisha kwamba Wahindu wa kale lazima walikuwa na uhusiano na watu wa ziwa hili. Hakujua, au hakujali, kwamba mwaka 1805 Wilford mwenyewe alikuwa amekiri hadharani kuwa alidanganywa. Mwanachuoni wa Kisanskriti aliyemwajiri alitambua kwamba bwana wake alitaka kuiona Misri na Nile ndani ya Purana, akamtungia alichokitaka kwa kubadili majina katika hati na kuongeza beti. Kosa hilo lilikuwa la tafsiri kwanza, la jiografia baadaye: mfasiri alimpa mteja neno alilolitamani. Habari hii bado husimuliwa kwa wageni na katika maandishi mepesi kama ushahidi kwamba Wahindu waliijua Nile tangu zamani. Haifai kuingia katika kitabu cha shule.

Ushahidi ulio imara uko karibu zaidi. Jina Jinja linatokana na neno la mawe katika lugha za hapo, na hapo watu walivuka kati ya Buganda na Busoga kabla ya daraja lolote. Maporomoko ambayo Speke aliyaona tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa jina la Ripon yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mahali pa kuvukia, basi, ni maana halisi ya Jinja kabla haijawa maana ya kidini ya mgeni. Wala Wahindu hawakuwa wa kwanza kuyaheshimu maji hayo. Kilomita chache chini ya mto, maporomoko ya Bujagali yalihusishwa na pepo Budhagali, na mzozo kuhusu namna ya kuyahamisha makao ya pepo huyo uliandamana na ujenzi wa bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Sera ya urithi inayomtaja Gandhi na kumsahau Budhagali itakuwa imechagua upande, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Hija na mipaka yake

Katika Uislamu hija ni nguzo ya tano, ina mwezi wake, mahali pake na taratibu zake, na anayeitimiza hupata jina la Haji au Hajati. Kwa Msomali wa Nakivale neno hili halina maana ya ziada. Lakini Kiswahili cha Wakristo, hasa Wakatoliki wa Tanzania na Kenya, kimelipanua kwa muda mrefu. Wanaokwenda Namugongo kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda huitwa mahujaji, na baadhi yao hutembea kwa miguu kutoka Mbarara au kutoka ng'ambo ya mipaka. Kiganda kimepiga hatua hiyo pia: kitenzi okulamaga kinamhusu anayekwenda Maka na anayekwenda Namugongo, na wote wawili ni abalamazi.

Kwa hiyo upanuzi wa neno hija umekwisha kutokea, na hakuna baraza la istilahi linaloweza kuurudisha nyuma. Swali lililobaki ni la adabu: je, upanuzi huo uelekezwe na kwa Mhindu? Makala haya yanaona kwamba inawezekana, kwa sharti kwamba neno lisiachwe peke yake. Hija ya Kihindu ni kirai kinachoeleweka Nakivale na Zanzibar. Hija tupu, ikiandikwa kwenye bango la Jinja, itamfanya Mwislamu ajiulize kuna nini hapo kinacholinganishwa na Arafa, na Mhindu mwenyewe atakuwa amevishwa vazi la jirani.

Ziara ni neno tatizo kwa sababu nyingine. Lilikuwa la dini: ziara ya kaburi la sharifu au la mwanachuoni ingali hai pwani. Lakini siasa imelichosha. Redio inapotangaza ziara ya kikazi ya waziri, msikilizaji hafikirii makaburi. Kitenzi kuzuru kimehifadhi heshima zaidi kuliko nomino yake, na katika sentensi ndefu kinafaa kuliko hija.

Neno lenye hazina kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kawaida kabisa. Mhindu anayefika mbele ya sanamu au mto hutafuta darshan, yaani kuona na kuonwa: yeye anauona uungu, nao unamwona. Wafasiri wengi huhangaika hapa. Kiswahili hakina sababu ya kuhangaika, kwa kuwa mtu husema amekuja kumwona mgonjwa, amekwenda kumwona bibi kijijini, na hakuna anayedhani kwamba macho peke yake ndiyo yaliyosafiri. Kuona, katika matumizi hayo, ni kufika, kuwapo, na kutambuliwa na aliyeendewa. Kutazama ni kazi ya mtalii. Tofauti ya vitenzi hivi viwili inabeba kile ambacho vitabu vya dini linganishi hukieleza kwa kurasa, na mtoto wa darasa la tano Mbarara anaweza kuielewa bila neno la Kisanskriti.

Tofauti hiyo ina thamani ya fedha pia. Lango linalotoza kiingilio hugawa watu kwa makundi, na kundi la mtalii wa kigeni hulipa zaidi. Mjukuu wa familia iliyofukuzwa mwaka 1972, aliyezaliwa Leicester na anayefika mtoni kwa ibada, ni mtalii au ni mwenye kuzuru? Na Mkongomani wa Nakivale aliyeomba ruhusa ya kusafiri kwenda Namugongo, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa uhuru wa kutembea pamoja na masharti, aandike nini katika nafasi ya sababu ya safari? Utalii ni neno linalompotosha. Matembezi ni neno linalomdhuru, kwa kuwa karani ataona safari isiyo na haja. Kundi la kuzuru kwa ibada, likiwekwa katika fomu, lingewahudumia hawa wawili kwa mstari mmoja.

Moto na majivu

Ugumu mkubwa zaidi hauko katika jina la safari. Uko katika kilichopelekwa mtoni. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili huzika. Kuchoma maiti, usemi unaotumiwa na magazeti, unaunganisha kitenzi cha nyama na takataka na nomino ya mtu aliyekufa. Kwa msomaji aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo au Burundi, ambako nyumba na watu walichomwa kwa makusudi, maneno hayo hayawezi kusikika kama habari ya ibada. Nchini Kenya mjadala huu umekuwa wa hadharani. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011, mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, na mwaka 2018 ikawa hivyo kwa mwanasiasa Kenneth Matiba. Katika nyakati zote mbili lugha ya vyombo vya habari ilionekana kushtuka kuliko familia zenyewe.

Kuna njia ya kulipunguzia neno makali bila kuuficha ukweli. Mazishi ya moto ni kirai kinachoanza na heshima na kumalizia na namna. Anayekisikia anajua kwanza kwamba marehemu alisindikizwa, kisha anajua kwa njia gani. Wapo watakaopinga kwamba mazishi lazima yawe na kaburi, kwa kuwa neno linatokana na kuzika. Pingamizi hilo ni la haki kiisimu, lakini Kiswahili kimekwisha kuwaita mabaharia waliokabidhiwa kwa bahari kuwa wamezikwa baharini.

Kitenzi cha majivu kinahitaji uangalifu zaidi. Maandishi mepesi husema majivu ya Gandhi yalitupwa mtoni. Kinachotupwa ni kile kisichotakiwa, na mwanafunzi atakayesoma sentensi hiyo atajifunza kwamba Wahindu huwatupa wafu wao. Kumwaga ni afadhali kidogo, ila humwagwa maji machafu. Kuzamisha kunafikirisha kitu kizito au uhalifu. Kutia kunatosha kwa maandishi ya kawaida, na kukabidhi kunafaa kwa bango, kwa sababu kunamtaja mpokeaji: mto unapokea. Neno lenyewe majivu halina mbadala mzuri. Mabaki ni ya chakula, na masalia yamechukuliwa na Kanisa. Linapoandamana na jina la marehemu na kitenzi chenye adabu, majivu halitasikika tena kama ya mekoni.

Pendekezo la maandishi

Kwa kuzingatia hayo, bango la Jinja linaloandikwa kwa Kiswahili lingeweza kusomeka hivi: Hapa, mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi ilikabidhiwa kwa mto kufuatana na ibada ya Kihindu. Wahindu na watu wengine hupazuru. Maji haya yana heshima pia kwa wenyeji wa Busoga. Sentensi tatu zinatosha. Hakuna hija, hakuna utalii, na hakuna Purana.

Maandishi hayo yanapaswa kujaribiwa kabla ya kuchongwa, na Nakivale ndipo mahali pa kuyajaribia, kuliko chumba cha mkutano: yasomwe kwa sauti mbele ya Msomali, Mrundi na Mkongomani, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa, na pale watakapotofautiana ndipo pa kurekebisha. Kupazuru, kwa mfano, huenda kukawa kugumu kwa msikilizaji wa Kivu, ambaye atapendelea kuja kupaona. Na kwa sababu zilizoelezwa, upendeleo wake utakuwa na haki. Jambo moja ambalo bango hili limelikwepa kwa kusema tu mto ni jina la mto wenyewe. Waandishi wa Kiswahili huandika Nile, Naili na Nili bila utaratibu, ilhali Waganda wanao Kiyira na Wasoga wanao Kiira, na majina hayo yalikuwapo kabla ya Speke kufika na ramani yake.